Brauza "mbadala" ni kitenge kimoja mishono tofauti, na ile iliyo tofauti kweli mifumo yetu inaikataa!

Wakuu salama? Naandika nikiwa na hasira kwahiyo mpangilio mtanisamehe.

Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, jirani na chuo. Nachapa, natoa kopi, najazia watu maombi ya mtandaoni. Mashine yangu ni desktopu ya mtumba, RAM 4GB, Windows 7. Ndiyo, Windows 7, najua, msianze. Printa na skana vyangu vinaelewana nayo na ndiyo inayonilisha.

Sasa kwenye Windows 7 brauza ya Chrome, ya Google, iliishia toleo la 109, mapema 2023. Nikaishi nalo hivyohivyo mpaka mwezi uliopita, kuna mfumo mmoja wa maombi, siutaji, wanaoujua wanaujua, ukaanza kuniletea maandishi mekundu eti brauza yako ni ya zamani, tafadhali iboreshe. Niboreshe nini sasa wakati yenyewe imegoma kupanda? Wanafunzi wamejipanga mlangoni, dedilaini kesho, mimi natoa macho tu.

Nikaanza kuuliza mafundi na kusoma nyuzi za humu. Huyu anakwambia Opera ni nyepesi mkuu, huyu Brave inakata matangazo, huyu Edge haili RAM, mwingine Vivaldi ndiyo ya wajanja. Haya. Nimedaunlodi moja baada ya nyingine kwa bando langu mwenyewe, la wiki limekata kwa siku mbili, na majibu ni yaleyale: haifai kwa Windows yako. Moja niliyotafutiwa toleo la zamani ikakubali kuingia, kufika kwenye ule mfumo, maandishi mekundu yaleyale!

Ndipo nikakaa nikasoma usiku. Kumbe zote hizo ukizifunua ndani ni Chromium, yaani msingi wa kujengea brauza, ambao kwa sehemu kubwa unatengenezwa na Google wenyewe wenye Chrome. Opera alikuwa na injini yake (ile sehemu ya ndani inayosoma tovuti na kukuonyesha), Presto, akaitupa 2013. Microsoft na mahela yote yale wakaachana na ya kwao, Januari 2020 wakatoa Edge mpya juu ya Chromium. Brave na Vivaldi ndo wamezaliwa humohumo. Kwahiyo Chromium ilipoiacha Windows 7, wote waliiacha, dereva kashuka na abiria wote wakashuka nyuma yake. Halafu watu mnabishana humu kurasa kumi ipi kali kati ya Opera na Edge!

Iliyobaki ni Firefox. Hii ina injini yake, Gecko, na hawa angalau walitutengea toleo la 115 ESR, yaani lile la kutunzwa muda mrefu, wakaendelea kulitolea viraka vya usalama zaidi ya miaka miwili baada ya wenzao kuondoka. Nikaitafuta, nikabonyeza jibu la juu kabisa bila kuangalia, kumbe ni tangazo, likanipakia takataka tatu kwenye mashine na ukurasa wa mwanzo ukageuka wa kamari. Hilo kosa langu, nakubali. Nikasafisha, nikaenda tovuti yao wenyewe, ikaingia vizuri. Siwadanganyi, nikifungua tabu nyingi napata tabu kweli, 4GB ni 4GB, lakini inafanya kazi, na uBlock Origin, kile kiongezo cha kukata matangazo, inakubali ile kamili ambayo Chrome mpya imeshaifungia, matangazo yakikatwa na MB zinapona.

Nikafungua ule mfumo kwa furaha. Unajua umeniambia nini? "Tafadhali tumia Google Chrome." Nilicheka peke yangu kama chizi. Chrome inaniambia siwezi kupanda Windows yako, na mfumo unaniambia bila Chrome hupiti.

Sasa sikilizeni sehemu iliyonifanya nifungue huu uzi. Dogo mmoja wa chuo hapo hapo dukani akaniambia braza subiri, akaandika about:config pale juu pa kuandikia anwani, ikafunguka mipangilio ya ndani ya Firefox, akatengeneza kitu kinaitwa general.useragent.override, akabandika maneno ya Chrome mpya. Yaani brauza kila ikienda tovuti hujitambulisha jina, yeye akabadilisha jina tu. Hajagusa kingine. Mfumo ukafunguka WOTE! Fomu zikajaa, picha ikapanda, risiti ikatoka, wateja saba tumewamaliza jioni ile ile.

Kwahiyo tatizo halikuwa mashine yangu wala brauza. Ni mtu amekaa ofisini akaandika mistari miwili kwamba asiyejiita Chrome mpya afukuzwe, bila hata kupima kama kinachohitajika kipo au hakipo, akalipwa, akaenda zake. Na wala sio mimi peke yangu, Vivaldi wenyewe Desemba 2019 waliamua kujiita Chrome kwenye tovuti maana wakijitaja kwa jina lao wanafungiwa milango. Kampuni nzima inatembea na jina la jirani!

Madevelopa mpo humu, najua mpo, naomba mmoja anijibu bila kunizungusha: kinachowashinda ni nini kupima kwenye Firefox kabla ya kukabidhi kazi? Ni bure, inaingia kwa dakika tano.

Na kesho wakibadilisha namba ya toleo nitamtafuta wapi tena yule dogo, chuo kinafunga wiki ijayo.

EDIT: Mnaosema nihamie Linux, nilijaribu, skana ikagoma. Windows 11 mashine hii haina hata hiyo TPM, chipu ya usalama wanayoidai, na Windows 10 nayo Microsoft walishaifunga Oktoba 2025.

EDIT 2: Wa nne sasa ananiambia ninunue mashine mpya. Mkuu njoo na laki nne zako, duka lipo wazi mpaka saa mbili usiku.