Mrejesho: dampo la nyuklia Kimba, Australia

Niliuliza: jamii ikishindwa kwenye kura, bado ina njia? Ipo, na Wabarngarla, watu wa asili wa eneo la Kimba, waliipita. Kura ya halmashauri ya Kimba ya 2019 iliunga mkono dampo kwa takriban asilimia 61, lakini daftari la wapiga kura liliwaacha nje wengi wao. Wakaendesha kura yao: 83 wakakataa, hakuna aliyekubali.

Kisha wakaenda mahakamani. Kesi yao haikubishania hatari ya mionzi. Ilishambulia uamuzi wa waziri, wa Novemba 2021, wa kuweka dampo Kimba: kauli zake za hadharani zilionyesha alishaamua mapema. Kwa hiyo tunzeni kila kauli ya waziri, pamoja na tarehe. Muhimu kuliko yote, pingeni mapema sheria inayotaja eneo moja kwa moja. Sheria ya namna hiyo ingewafungia Wabarngarla mlango wa mahakama. Tarehe 18 Julai 2023 mahakama ilifuta uamuzi wa waziri, na Agosti serikali ikaachana na Kimba.