Kupata maeneo yote yaliyo chini ya mkoa mmoja katika jedwali lenye mzazi_id

Mwekadata: Ndugu wanajukwaa, nina jedwali katika hifadhidata ya PostgreSQL liitwalo maeneo, lenye safuwima za id, jina na mzazi_id (id ya eneo lililo juu yake), ambamo nimeingiza mikoa, wilaya, kata, vijiji, mitaa na vitongoji, mkoa hauna mzazi, hivyo mzazi_id yake ni NULL (tupu). Ninataka kila eneo lililo chini ya mkoa wa Arusha. Nimeliunganisha jedwali na lenyewe mara nne kwa JOIN, lakini mitaa yote ya jijini inapotea, kwa kuwa mjini kata huishia kwenye mtaa, ilhali vijijini kuna kijiji na kisha kitongoji. Je, ipo njia isiyodai nijue mapema idadi ya ngazi?

Fundi Majedwali: Ipo, nayo imo katika kanuni za SQL tangu 1999:

```
WITH RECURSIVE mti AS (
  SELECT id, jina, 1 AS ngazi
  FROM maeneo
  WHERE jina = 'Arusha' AND mzazi_id IS NULL
  UNION ALL
  SELECT m.id, m.jina, t.ngazi + 1
  FROM maeneo m JOIN mti t ON m.mzazi_id = t.id
)
SELECT * FROM mti;
```

Sehemu ya juu huleta mkoa wenyewe; ya chini hutafuta watoto wa rekodi zilizopatikana katika duru iliyotangulia, na hurudiwa hadi duru isiyoleta kitu, kwa hiyo tawi fupi la mjini halilizuii refu la kijijini. Kwa MySQL utahitaji toleo la 8.0 au la baadaye. Wenye Oracle wana CONNECT BY PRIOR, ambayo ni fupi na inapendeza, ila huwezi kuhama nayo kwenda hifadhidata nyingine.

Mhakiki: Naongezea tahadhari. Ikiwa mtu atakosea na kukifanya kijiji kuwa mzazi wa kata yake, kata hiyo itatengana na mkoa na kukosekana katika matokeo, na hoja (query) itakayoanzia ndani ya mzunguko huo haitakoma. Wengi hushauri kuweka UNION, inayoondoa nakala, badala ya UNION ALL, lakini hapa haisaidii, kwa sababu ngazi hubadilika kila duru na rekodi haziwi nakala kamili. Kuanzia toleo la 14 la PostgreSQL, ili kuukata mzunguko, ongeza `CYCLE id SET imezunguka USING njia` baada ya mabano ya kufungia.

Mwekadata: Nashukuru, mitaa imeonekana. Nikitaka kupanda kutoka kitongoji hadi mkoa?

Fundi Majedwali: Anza na id ya kitongoji, ongeza mzazi_id katika SELECT zote mbili, kisha geuza sharti liwe `m.id = t.mzazi_id`. Kwa kushuka, weka faharasa (index) kwenye mzazi_id, maana PostgreSQL haiitengenezi yenyewe hata ukiwa umetangaza ufunguo wa kigeni (foreign key).