Ayala wa jangwani wanahesabiwa kwa helikopta. Paa nunga wetu je?

Mkaazi wa Kusini
Assalam alaykum. Kamati yetu ya msitu hapa Unguja inatayarisha hesabu ya paa nunga, yule paa mdogo wa msituni, na kuna hoja imetugawa. Upande mmoja unataka tukodi droni, kwa sababu Marekani na Meksiko ayala wa jangwani wanahesabiwa kwa helikopta miaka nenda miaka rudi. Upande wa pili unasema hayo ni ya jangwani, huku kwetu ni maweni na vichaka. Nnaomba wanaoijua kazi watueleze: wanaruka vipi hasa? Wakishaona, tuseme, ayala 160, wanafikaje kwenye idadi ya eneo zima? Na kipi katika hayo kinatufaa Unguja? Nipeni vipimo, jumla jumla tunazo za kutosha.

Upepo wa Kusi
Wa alaykum salaam. Tuanze na mnyama mwenyewe. Huyo ni ayala mwenye masikio makubwa kama ya baghala, anaishi Arizona, New Mexico, Texas magharibi na kaskazini ya Meksiko. Usimfananishe na paa. Pembe za paa ni za kudumu, ayala dume huzidondosha kila mwaka zikaota nyengine, na jambo hilo ndilo linalopanga kalenda ya kuruka.

Wanaruka baina ya Novemba na Januari. Pembe bado ziko kichwani, na msimu wa kupandana umewatoa madume mafichoni wakawa karibu na majike. Watoto waliozaliwa mnamo Julai na Agosti, mvua za kiangazi za kule zinaponyesha, wameshafika miezi mitano hivi: wanakimbia na mama zao, lakini uso mfupi na mwili mdogo bado unawatambulisha. Ukichelewa hadi Machi, dume aliyedondosha pembe anaandikwa jike, na hapo uwiano wote umeharibika.

Helikopta ni ya viti vinne au vitano, rubani na watazamaji wawili au watatu, mara nyingi milango imevuliwa ili jicho lifike chini kabisa. Wanaruka mita 15 hadi 40 juu ya ardhi, kilomita 60 hadi 80 kwa saa. Wanaanza jua likichomoza na kufika saa tatu asubuhi wameshamaliza. Jua likipanda, ayala hulala kivulini kando ya mito mikavu, na utampita juu ya mgongo asinyanyue hata sikio. Upepo ukizidi kilomita 30 kwa saa, siku imekwisha. R44, helikopta ndogo ya viti vinne, inakunywa lita 55 hadi 60 za petroli ya ndege kwa saa, kwa hivyo kila muda wa saa tatu angani ni lita 170 na ushee, bado hujamlipa rubani.

Na hatari yake si ya kupuuza. Kule Marekani, ajali za vyombo vya angani zimewaua wataalamu wengi wa wanyamapori kazini kuliko sababu nyengine yoyote. Chini vile na taratibu vile, injini ikizima rubani hana nafasi ya kujiokoa. Nyaya za umeme zitiwe kwenye ramani kabla, na kila kitalu, yaani kipande cha eneo kinachohesabiwa, kizungukwe mara moja kwa juu kabla ya kushuka.

Maalim wa Takwimu
Nilichukue swali la hao 160. Hao ni walioonwa, basi. Kazi ni kujua wangapi walikuwepo chini wakapitwa.

Njia nyepesi kuieleza ni ya watazamaji wawili upande mmoja wa ndege, mmoja mbele, mmoja nyuma, kila mtu na karatasi yake. Hawasemezani wala hawaoneshani kidole. Wanahesabu makundi, kwa sababu ukimwona ayala mmoja aghalabu umewaona na wenzake. Tuseme wa mbele kaona makundi 40, wa nyuma 35, na 25 katika hayo wameyaona wote wawili. Makundi mbalimbali ni 50. Yakiwa na ayala 160, wastani ni 3.2. Sasa ongeza moja kila mahali: 41 mara 36, gawa kwa 26, kisha toa 1. Unapata karibu 56. Yaani makundi 6 yamewapita wote wawili, na ayala ni kama 179.

Hiyo 179 nayo ina kasoro. Kundi lililolala kichakani linawapita wote wawili kwa sababu ile ile, na hesabu hii inadhani kila mmoja anakosa kwa bahati yake. Hapo unapunguza. Tena makundi makubwa ndiyo rahisi kuonekana, kwa hivyo ile 3.2 iko juu kidogo. Hapo unazidisha. Asikwambie mtu kwamba makosa hayo mawili yatafutana.

Ndiyo maana penye fedha wanawavisha ayala kadhaa kola za redio, zinazowaonesha walipo, kisha wanarusha watazamaji wasiojua kola ziko wapi. Kwa kila kundi lenye kola, liwe limeonwa au limepitwa, wanaandika ukubwa wake, limelala au linatembea, na vichaka vimefunika kiasi gani pale lilipo. Humo ndimo unamotoka uwezekano wa kila aina ya kundi kuonwa. Ayala wawili kichakani wenye uwezekano wa 0.4 wanahesabiwa kuwa 5, wanane peupe wenye 0.9 wanakuwa karibu 9. Mbinu hii ilipata umaarufu Idaho miaka ya 1980, kwa ayala wakubwa wa milimani. Balaa linakuja mtu anapochukua tarakimu za huko, penye theluji, akazipachika kwenye jangwa la miiba.

Halafu eneo zima. Ukiwa na vitalu 60 vilivyo sawa ukaruka 12, unazidisha kwa 5, unapata kama 895, lakini iwapo tu hivyo 12 vilitoka kwa kura. Ukichagua vilivyo karibu na maji kwa sababu "ndiko waliko", umezidisha wanyama wa karibu na maji kwa jangwa lote. Dawa ni kugawa matabaka mapema, penye wengi na penye wachache, na kila tabaka lipigiwe kura na hesabu yake. Tena usitangaze 895 peke yake. Itoe pamoja na mpaka wa chini na wa juu, na idadi ya vibali vya kuwinda ipangwe kwa ule wa chini.

Bint Chwaka
Naongeza moja, Maalim. Kule wasimamizi wengi hawaanzi na idadi, wanaanza na uwiano: madume wangapi na watoto wangapi kwa majike 100. Ni rahisi kuupata, na ni rahisi kukudanganya. Majike 100 na watoto 40 ni 40 kwa 100. Ukame ukaua majike 50, watoto wakabaki wale wale, uwiano umekuwa 80 kwa 100. Kwenye karatasi ni neema, porini ni msiba. Bila ya makadirio ya idadi pembeni, uwiano usiaminiwe peke yake.

Fito za Bawa
Bara wana njia nyengine, ya ndege ya mbawa kama Cessna, futi 300 hadi 400, mistari sambamba. Kila mtazamaji anahesabu walio ndani ya mkanda wa mita 150 unaoonekana baina ya fito mbili zilizofungwa kwenye mhimili wa bawa. Fito hupimwa ndege ikiwa chini. Jicho la mtazamaji likiwa mita 1.8 kutoka ardhini, na urefu wa kuruka ni mita 122 (ndizo futi 400), basi 1.8 mara 150 gawa kwa 122: alama mbili za sakafuni ziachane mita 2.2. Mtu akae kama atakavyokaa angani, fito zifungwe pale mstari wa jicho lake unapokatiza mhimili. Akiinama, mkanda umehama. Ndege ikipanda mita 12 rubani hana habari, mkanda umekuwa mita 165, na idadi imezidi kwa asilimia 10 bila ya kuzaliwa mnyama hata mmoja. Inafaa kwa nyumbu wa Serengeti, waliosimama majanini kama mbegu kwenye mkeka. Kwa paa, sahau.

Mkaazi wa Kusini
Ahsanteni sana. Kwa hivyo droni yenye kamera ya joto nayo nisahau?

Mtaa wa Maweni
Kwa kuhesabu, ndiyo, isahau. Ayala wa jangwani begani anakaribia mita moja na anasimama baina ya miti iliyoachana. Paa nunga ana sentimita 30 na kidogo, yuko chini ya majani yaliyoshikana, na kamera ya joto haipenyi majani. Isitoshe, jiwe la maweni linashika joto la mchana. Saa nne usiku kioo kizima kinakuwa madoa meupe, na mawe hayapoi vya kutosha mpaka karibu na alfajiri. Hata ukipata doa la mnyama, utajuaje ni paa nunga, si paa mwengine wala mbwa wa wasasi?

Droni itumieni kwa ramani. Unguja na Pemba zilipigwa picha kwa droni kuanzia 2016. Mkizipata picha za eneo lenu, tengeni matabaka matatu: msitu mrefu, kichaka cha maweni, na palipolimwa. Mkitaka kurusha yenu, kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kitangulie.

Kuhesabu, tumieni kamera za mtego, zile zinazojipiga zenyewe mnyama akipita mbele yake. Zifungeni sentimita 30 kutoka ardhini. Za kifuani mwa mtu zinapiga hewa juu ya mgongo wa paa. Zielekee kaskazini au kusini, jua la asubuhi na la jioni lisiingie machoni mwake. Fyekeni majani mbele yake mita tatu nne, la sivyo upepo mmoja utakujazieni kadi picha elfu za jani linalotikisika. Tieni pakiti ya kunyonya unyevu ndani, na mzibe matundu, maana sisimizi wanapenda kutaga humo. Picha za usiku hazina rangi, lakini paa nunga ana mkanda mpana mweupe makalioni, na huo unaonekana vizuri akigeuka.

Kura ya Maalim inatuhusu na sisi. Paa nunga hufuata kima ili aokote wanachoangusha. Ukifunga kamera chini ya mti unaozaa, utapata picha tele na hesabu ya uongo. Chora miraba kwenye ramani, piga kura, nenda pale kura iliposema hata kama ni mwibani. Kisha siku 30 zigawe vipindi sita vya siku tano tano, uandike kila kamera ilimwona au haikumwona katika kila kipindi. Hapo ndipo unapojua kamera zako humkosa mara ngapi mahali alipo, kama vile wale wawili wa kwenye helikopta. Lakini utakachopata ni sehemu ngapi paa yupo, si vichwa vya paa.

Mkaazi wa Kusini
Kamera tunazo 20 tu.

Mtaa wa Maweni
Zinatosha kuanzia. Siku 30 kwenye vituo 20, kisha zihamisheni vituo 20 vyengine, mmalize yote kabla ya masika. Betri nazo zibadilisheni zote kwa pamoja mnapohama. Ukichanganya nzee na mpya kamera inazima katikati, na siku zile itaonekana kama paa hakupita.