Tarumbeta ya jazi: midomo inachoka kabla seti haijaisha, na solo zinasikika kama skeli

Shaba_Changa:
Wakuu habari zenu. Napiga tarumbeta ya B flati, huu ni mwaka wa nne. Noti nasoma, skeli (ngazi za noti) zote 12 za meja ziko vidoleni. Sasa nimechukuliwa na bendi ya jazi, seti mbili za dakika 45 kila moja. Shida ziko tatu. Kufikia wimbo wa tano au wa sita noti za juu zinakatika, inatoka hewa tupu. Solo zangu zinapanda na kushuka ngazi. Si kwamba noti ni za makosa, ila hazina maana yoyote. Halafu nimepewa wanafunzi sita wanaoanza, siku zilezile za kupiga jukwaani. Nibadili kipulizio (kile kipande cha kuweka mdomoni)? Nianzie wapi?

Vali_Tatu:
Kipulizio kiache kwanza. Wengi hukimbilia chenye kikombe kifupi kwa sababu noti za juu zinatoka kirahisi siku ya kwanza, baadaye sauti inakuwa nyembamba na noti za chini zinagoma. Kama unatumia saizi ya 7C, 5C au 3C, kazi hiyo inafanyika bila tatizo.

Kinachokukata ni mkandamizo. Midomo ikibanwa kati ya chuma na meno, damu haipiti sawasawa, nyama inavimba na kuacha kutetema. Ukiona haitetemi unakandamiza zaidi, na hapo umekwisha. Tazama kidole kidogo cha mkono wa kulia. Kikiwa kimejikunja ndani ya ile ndoano iliyo juu ya tarumbeta, ndicho kinachovuta ala usoni bila wewe kujua. Kitoe, kikae juu ya ndoano. Ndoano ni ya kushikilia tarumbeta kwa mkono mmoja wakati unafungua ukurasa au unaweka myuti (kizibo cha mdomo wa tarumbeta cha kubadili sauti).

Mazoezi ya asubuhi, kwa sauti ya chini kabisa:
Anza na G ya mstari wa pili, mapigo 8, kisha pumzika mapigo 8 kipulizio kikiwa mbali na mdomo. Shuka nusu hatua nusu hatua hadi C ya chini. Baada ya hapo teleza kati ya C ya chini na G bila kutumia ulimi, vali zote zikiwa wazi, halafu rudia kwa vidole 2, 1, 1-2, 2-3, 1-3 na 1-2-3. Noti ikigoma kupanda, ongeza kasi ya hewa, usiongeze nguvu ya mkono. Dakika 15 zinatosha, na nusu ya hizo ni mapumziko. Anayeruka mapumziko anafundisha midomo kuchoka, basi.

Jukwaani, panga nyimbo na wenzako. Nyimbo mbili za juu zisifuatane. Wimbo wa taratibu usiuhesabu kama mapumziko, zile noti ndefu zinachosha kuliko mbio. Baada ya mada kuu, wa kwanza kupiga solo awe piano au gitaa, wewe ingia wa pili. Na hakikisha unajisikia: ngoma zikikufunika utapuliza kupita kiasi kuanzia wimbo wa kwanza. Spika ya kukurudishia sauti si anasa.

Nusu_Hatua:
Mkuu hapo juu amemaliza la midomo, mimi niguse solo.

Skeli inakwambia noti zipi zinaruhusiwa, haikwambii uende wapi. Njia iko ndani ya kordi (noti kadhaa zinazosikika pamoja), hasa noti ya tatu na ya saba. Chukua bluzi ya F. Wewe kwa tarumbeta ya B flati unasoma hatua nzima juu ya piano, kwa hiyo kwako ni G. Vipimo 12 (kila kimoja mapigo manne): G7 vinne, C7 viwili, G7 viwili, D7 kimoja, C7 kimoja, G7 viwili.

Sasa angalia. Ndani ya G7 noti ya tatu ni B na ya saba ni F. Ikija C7, B inashuka kuwa B flati na F inashuka kuwa E. Nusu hatua tu kila moja, na msikilizaji anasikia kordi imebadilika hata kama besi haipo. Kutoka G7 kwenda D7, B inapanda C na F inapanda F shapu. D7 ikirudi C7, zote mbili zinashuka hatua nzima.

Wiki ya kwanza piga noti hizo tu, moja kwa kila kipimo, metronomu (mashine ya kuhesabu mapigo) ikiwa 80 kwa dakika. Wiki ya pili noti zilezile, ila badilisha mdundo: chelewesha, rudia, kaa kimya mapigo matatu. Baada ya hapo ndipo uifikie kila noti kutoka nusu hatua chini yake. Skeli itarudi yenyewe ikiwa na kazi ya kufanya.

Wimbo wa mwendo wa 120, weka metronomu 60 na uihesabu kama pigo la 2 na la 4. Ukipotea, mdundo wako ulikuwa unategemea mashine.

Ulimi nao. Katika noti za nusu pigo, wanaotoka bendi za gwaride hugonga ulimi kwenye pigo lenyewe, na swingi (ule mdundo wa kubembea wa jazi) inakufa palepale. Gonga noti iliyo katikati ya mapigo, kisha iunganishe na pigo linalofuata.

Nakili solo kwa sikio: vipimo 12, si solo nzima. Punguza mwendo hadi asilimia 70, iimbe mpaka uimbe pamoja na rekodi, ndipo ushike tarumbeta. Mpiga tarumbeta Miles Davis wa miaka ya 1950 anafaa kuanzia kwa sababu anaacha nafasi nyingi. Clifford Brown, naye wa tarumbeta, aje baadaye. Alifariki 1956 akiwa na miaka 25 tu, lakini usafi wa ulimi wake bado unawatesa watu.

Shaba_Changa:
Asanteni sana. Kidole kidogo kweli kiko ndani ya ndoano. Na myuti ya Harmon? Nikiiweka noti zangu zinasikika juu kidogo kuliko za piano.

Vali_Tatu:
Ndivyo ilivyo, inapandisha noti juu kidogo. Vuta bomba kuu la kusawazishia nje kidogo kabla ya wimbo na ulirudishe ukiitoa. Wengi husahau kurudisha. Ukitoa kile kibomba cha katikati ya myuti unapata sauti ya Miles, lakini ni ndogo, maikrofoni iwe karibu kugusa myuti. Usipulize kwa nguvu kuziba pengo hilo.

Kengele_ya_Shaba:
Kuhusu wanafunzi. Siku ya kupiga jioni, onyesha kwa kuimba na kwa vidole. Kila dakika unayopuliza darasani inatolewa kwenye seti ya pili. Gawa darasa: watatu wanapuliza mapigo 8, watatu wanaimba noti hiyo huku wakibonyeza vali, kisha wanabadilishana. Nao wanapumzika bila kukaa bure. Nyumbani wapige dakika 10 mara mbili, wasipige 20 mfululizo.

Anza na G, usilazimishe C ya chini. Wafundishe kuitikia kwa sikio kabla ya karatasi: unaimba mapigo manne, wanajibu.

Utaletewa pia tarumbeta "iliyokufa". Hewa ikigoma kupita kabisa baada ya mtoto kutia mafuta, vali zimebadilishana nafasi au hazikugeuzwa hadi zikaingia mahali pake. Zina namba 1, 2, 3; namba 1 inakaa karibu na mpulizaji. Kipulizio kikikwama usitumie koleo, bomba litapinda; kuna kifaa chake cha kuvutia. Kuosha ni maji ya vuguvugu, ya moto yanabandua rangi.

D ya chini na C shapu ya chini zitasikika juu kuliko inavyotakiwa kwao wote. Waonyeshe mapema kusukuma nje bomba la vali ya tatu kwa kidole cha mkono wa kushoto, D kidogo, C shapu zaidi. Kama halisogei, lipake grisi kabla hujamlaumu mtoto.