Naomba ushauri: mhadhara kuhusu Koji Yamamura uanzie wapi?
Ndugu wanachama, ninaandaa mhadhara kwa wanafunzi wa sanaa kuhusu Koji Yamamura, mtengenezaji wa filamu za katuni za kimajaribio wa Japani, aliyezaliwa Nagoya mwaka 1964 na kufungua studio yake mwenyewe mwaka 1993. Wengi humfahamu kwa Atama-yama ya mwaka 2002, filamu ya dakika 10 iliyoshinda tuzo kuu ya filamu fupi katika tamasha la filamu za katuni la Annecy, Ufaransa, na kuteuliwa kuwania Oscar, lakini mimi naamini kwamba mizizi ya ufundi wake imo katika filamu za watoto alizozitengeneza miaka ya 1990, ambazo kwa bahati mbaya hutajwa kwa nadra. Je, kwa saa moja niliyopewa, nianze na hizo?