Taizai yoteihyo ya mama (ratiba ya kukaa kwake Japani) imerudishwa, niandike nini?

Mama Gwamaka, Kariya

Habari za jioni wanajumuiya. Wakubwa shikamooni.

Mama yangu alipeleka maombi ya viza ya kutembelea ndugu, dirishani wakamrudishia karatasi moja tu, taizai yoteihyo. Nyingine zimepita: mimoto hoshosho (barua ya udhamini) ya mume wangu, barua ya mwaliko, juminhyo (cheti cha ukazi) isiyo na mai namba, ile namba ya utambulisho, karatasi za kodi. Kwenye ratiba nilijaza siku ya kufika na ndege yake, anwani yetu, halafu safu zote za katikati nikaandika "nyumbani na wajukuu" mpaka siku ya kuondoka. Wamesema haitoshi, wanataka kujua atakwenda wapi na siku gani.

Jamani, mama anakuja kubeba mjukuu mgongoni, hakuja kutalii! Lakini sawa, nitawajazia ngome, bustani na makumbusho ya huku Aichi mpaka wachoke kusoma. Maswali yangu ni mawili. Nikiandika ngome ya Inuyama Jumatano tukaenda Ijumaa, au tusiende kabisa, ataulizwa uwanja wa ndege? Na siku moja tutakayolala Gifu, mkoa wa jirani, niweke nafasi ya hoteli kwanza ndipo niandike anwani, au naandika tu "Gifu"? Anakuja Aprili. Goti lake moja ni bovu, naomba mlizingatie.

Salum, Toyohashi

Dada pole. Wewe una bahati, karatasi moja tu. Mama mkwe wangu walimrudishia bahasha nzima kwa sababu jina la kwenye pasipoti na la kwenye cheti cha kuzaliwa cha mke wangu yanatofautiana herufi moja, H. Tukaanza upya mpaka RITA, wakala wa usajili wa vizazi Tanzania. Juminhyo ikapitwa na miezi mitatu tukiwa bado tunaihangaikia hiyo H, nikarudi shiyakusho, ofisi ya jiji, kuchukua nyingine.

Ratiba isikusumbue. Andika ngome ya Nagoya, kila mtu anaijua. Mpandishe juu na lifti auone mji wote na wale samaki wa dhahabu wa kwenye paa. Lifti ipo, goti halitasumbuka.

Mwana wa Sakae

Kaka Salum, wewe mara ya mwisho umefika pale lini? Jengo kuu la ngome ya Nagoya limefungwa tangu Mei 2018 kwa sababu halistahimili tetemeko. Haliingiliki, si kwa lifti wala kwa miguu. Samaki wa dhahabu utawaona ukiwa chini, shingo juu. Tusiwape watu habari za zamani halafu wakaziandika kwenye karatasi za serikali.

Kinachoingilika ni ikulu ya Honmaru, pale pale ndani ya uwanja wa ngome, waliyoijenga upya kwa mbao na kuimaliza 2018. Sakafu ni bapa, unavua viatu, unatembea taratibu ukitazama chui na simba marara waliochorwa kwenye milango ya dhahabu. Kwa mama mwenye goti hapo ndipo penyewe.

Na hilo jengo kuu lina siasa zake. Lililopo ni la zege la 1959, maana la asili liliungua kwa mabomu Mei 1945. Jiji likataka kulijenga tena kwa mbao kama lilivyokuwa, ugomvi ukawa lifti: wenye kiti cha magurudumu wanauliza wao watapandaje, wengine wanasema kuweka lifti ni kuharibu historia. Juni 2023 kwenye mkutano wa wananchi mlemavu akarushiwa maneno ya kibaguzi mbele ya meya, na hakuna aliyemkatisha msemaji. Mimi nasukuma kigari cha mtoto wangu kwenye stesheni za nchi hii kila siku, najua lifti ina maana gani. Historia gani hiyo inayoharibika kwa lifti ndani ya jengo jipya?

Njoro, Gifu

Mama Gwamaka, usiandike Inuyama kama huyo mama ana goti. Mimi nilipeleka mzee wangu akitoka Nakuru. Ile ngome si ya zege, ni mbao asilia, moja kati ya tano ambazo ni Hazina ya Taifa, pamoja na Himeji, Matsumoto, Hikone na Matsue. Kwa hivyo ngazi ni zile zile za wakati wa vita, zimesimama wima. Unapanda na mikono. Juu kuna baraza inazunguka nje na reli yake imefika magotini tu, chini ni mto Kiso. Mzee alikataa kutoka, akasimama mlangoni akisema yeye ameshaona.

Lakini nikuambie, ilikuwa ya familia moja, Naruse, mpaka 2004. Fikiria shamba lenu liwe na ngome, na nyinyi ndio mnalipa bima.

Ngome ya Gifu nayo iko mlimani, Kinka, mita 329. Kuna gari la kamba, hiyo sawa, ila ukishuka huko juu bado kuna ngazi za mawe. Na ngome yenyewe ni ya 1956, ya zege.

Halafu JR Pass, ile pasi ya watalii ya treni za JR, kwa mama wachana nayo. Yeye anaruhusiwa kwa sababu ni mgeni wa muda, sisi wenye zairyu kado, kadi ya ukazi, haturuhusiwi, kwa hivyo mtakuwa mnapanda treni tofauti kama mahasimu. Oktoba 2023 ya siku saba ilipanda ikawa yeni 50,000. Nagoya hadi Inuyama ni treni ya kampuni nyingine, Meitetsu, nusu saa tu, na pasi hiyo haifanyi kazi huko.

Mwana wa Sakae

Nyongeza. Mwandikie Tokugawa-en, bustani yenye ziwa katikati na mabenchi mengi, Aprili utakuta maua ya botan yamechanua. Jumba la Sanaa la Tokugawa liko ubavuni, la tangu 1935. Ila msiweke JUMATATU. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, na Jumatatu ikiwa sikukuu hufungwa Jumanne. Ofisa akiona umeandika makumbusho Jumatatu atajua umejaza tu.

Mzee Bukwimba, Toyota-shi

Wanangu, hamjambo. Mnazungumza ngome, hakuna aliyetaja makumbusho ya viwanda ya Toyota pale Nagoya? Watu wanadhani ni magari matupu. Nusu yake ni pamba! Jengo la matofali mekundu ndilo lilikuwa kiwanda cha kufuma cha Sakichi Toyoda, na magari yalikuja baadaye, yakaanzishwa na mwanawe Kiichiro. Mafundi wanakuwashia mashine mbele yako, unaona pamba inasokotwa kuwa uzi, uzi unafumwa kuwa kitambaa.

Mimi ni wa Shinyanga. Nimekulia kwenye pamba, tulikuwa tunalala juu ya magunia yake msimu wa mauzo. Nilisimama pale mpaka mke wangu akaniacha akaenda kwenye magari. Hawa walianza na pamba wakafika kwenye gari, sisi tuna pamba mpaka leo na tunaipeleka nje ikiwa marobota. Viwanda vya nguo tulijenga, Mwanza, Dar, Musoma. Niambieni vimeishia wapi, na msiniambie mitumba peke yake.

Bi Zuhura, Kobe

Mzee wangu shikamoo. Mitumba si peke yake lakini imo. Na kabla ya mitumba walikuwa hao hao Wajapani. Kanga alizovaa bibi yangu Ng'ambo, Unguja, zilipigwa chapa huku, miaka ya hamsini na sitini, zikaletwa kwa meli na wafanyabiashara wa Kihindi. Pindo, mji, jina la Kiswahili, kila kitu, na aliyeipiga chapa hajui neno hata moja. Kwa hiyo tusijisifu na pamba wala tusijilaumu kupita kiasi, biashara ilikuwa hivyo.

Huku Kansai kuna Minpaku, makumbusho ya mila za mataifa, Suita, kwenye viwanja vya maonyesho ya dunia ya 1970. Ina ukumbi wa Afrika. Jumatano wanafunga.

Njoro, Gifu

Bi Zuhura, yeye anauliza Aichi.

Bi Zuhura, Kobe

Nimeona. Ratiba ina safu nyingi.

Fundi wa Komaki

Mpaka sasa hakuna aliyesema Little World? Iko Inuyama hiyo hiyo, basi linatoka stesheni. Ni makumbusho ya nje yenye nyumba za mataifa, tangu 1983. Dada, wewe si wa Tukuyu? Kuna nyumba za Wanyakyusa pale. Kuzunguka ni kilomita 2.5 lakini kuna basi la ndani, mama hachoki.

Mama Gwamaka, Kariya

Asanteni sana wote. Nimempigia mama nikamwambia kuna nyumba ya Kinyakyusa Japani, akacheka mpaka simu ikakatika. Aliporudi hewani akauliza kama wameifagia, na kama migomba ipo. Nimeiandika siku ya pili. Nyingine ni ikulu ya Honmaru, Tokugawa-en na pamba ya Mzee Bukwimba, ambayo baba angeipenda zaidi, Mungu amrehemu.

Gifu nimeiacha wazi. Hivyo narudia: hoteli nilipie kwanza au hapana? Na siku zikibadilika je?

Salum, Toyohashi

Hayo hutegemea na ofisa uliyemkuta. Kwetu waliuliza habari ya H tu, ratiba hawakuigusa.

Nije kwenye la maana: mama akipata viza, nafasi ya mzigo anayo? Nina ndugu Mbeya ataleta mchele wa Kyela mpaka kwake. Na dagaa kidogo.

Mwana wa Sakae

Kaka Salum, mchele una masharti yake ya ukaguzi wa mimea, soma kwanza. Na nyama ya aina yoyote asithubutu, hata biltongi. Mwacheni mama wa watu aje na goti lake.

Salum, Toyohashi

Nimesema dagaa. Dagaa ni samaki.