Mrejesho: Folda ya VirtualBox imefunguka

Wakuu, habari za jioni kutoka Mwanjelwa, Mbeya. Juzi niliuliza kwa nini Ubuntu (mfumo wa Linux) niliyoiweka ndani ya VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ya pili ndani ya kompyuta, inaiona folda ya kompyuta yangu ya Windows, lakini nikiibofya inaleta "Permission denied", yaani huna ruhusa. Humo zimo picha za risiti za wakulima wa viazi wa Umalila ninaowatunzia hesabu, kwa hiyo kazi ilisimama kabisa.

Jana nilishinda nikibadilisha ruhusa upande wa Windows, kumbe tatizo halikuwa huko. Mmoja wenu akaniambia niandike groups, amri inayoonyesha makundi uliyomo, kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) ya Ubuntu. Nikaandika, vboxsf, kundi la wanaoruhusiwa kufungua folda za VirtualBox, haikuwemo. Folda inayojiunganisha yenyewe hukaa ndani ya /media kwa jina linaloanza na sf_, na inamilikiwa na root (msimamizi mkuu wa mfumo) pamoja na kundi la vboxsf. Ukiwa nje ya kundi hilo huingii, hata kama folda ni yako mwenyewe. Nikaandika amri ya kujiongeza kwenye kundi hilo:

sudo usermod -aG vboxsf $USER

Angalieni sana hiyo herufi a. Ukiweka -G peke yake unaondolewa kwenye makundi mengine, hata la sudo linalokupa haki za msimamizi.

Bado ikagoma! Kundi jipya halisomwi mpaka utoke na kuingia tena. Nikaizima Ubuntu, nikaiwasha, risiti zote zikafunguka, hadi ile yenye doa la matope.

Guest Additions (programu za VirtualBox zinazowekwa ndani ya Ubuntu ili folda zionekane) zilikuwa sawa tangu mwanzo. Kaka uliyenielekeza kwenye groups, asante sana, Mungu akubariki. Kesho asubuhi wazee wa Umalila wanapata hesabu zao.